Aliyeukoka

Wakonyo aliuzamisha mkono ndani ya jivu hadi kwenye kifundo, akapapasa huku na huko kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku mkali, asiguse chochote chenye uvuguvugu. Mafiga matatu nayo yalikuwa baridi. Nje ya jiko la mbao, ukungu wa Julai ulikuwa umeyameza mashamba ya majani chai ya Tetu, hata ng'ombe aliyekuwa akilalamika zizini hakuonekana. Akautoa mkono, akautazama ulivyopauka, akauzamisha tena. Alijua fika kwamba hamna kitu. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na kama kuna jambo ambalo mwalimu wa fizikia amelikariri hata usingizini, ni kwamba joto likishaondoka halirudi kwa hiari yake.

"Nimeuua," akasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumkanusha.

Mwenye moto alikuwa mama mkwe wake, Wangui, ambaye Wakonyo alimwita Maitu, yaani mama, kama alivyomwita marehemu mumewe. Maitu alikuwa amelazwa hospitalini mjini Nyeri, nyonga imevunjika baada ya kuteleza kwenye matope ya zizi. Moto wake haukuwa wa kupikia tu. Siku alipoolewa aliletewa kaa kwenye kigae cha chungu kutoka jikoni kwa mama mkwe wake, na tangu siku hiyo hakuwahi kuukoka upya. Ndivyo watu wa milima hii walivyoishi zamani. Nyumba mpya haikuwashiwa moto mpya, ilipewa moto wa nyumba iliyoizaa. Jioni mwenye jiko alililaza gogo la mutamaiyo, mti mgumu usio na haraka ya kuungua, akalifunika kwa jivu. Asubuhi akalifukua, akapuliza, maisha yakaendelea. Wenzake waliiacha desturi hiyo viberiti vilipojaa madukani. Maitu hakuiacha. Wanaume walimtania kwamba moto huzaa jivu, naye akawajibu kwamba wake umezaa mioto, wakawaulize mama zao. Na alisema kweli, kwani miaka mingi hakuna bibi harusi wa mteremko ule aliyeanza nyumba bila kupita pale na kigae chake.

Isipokuwa Wakonyo. Yeye alipoolewa na Mutahi alikuwa na jiko la gesi mjini, zawadi ya walimu wenzake. Maitu alipomfikia na kaa lake, Wakonyo aliangua kicheko, si kwa dharau, ila alicheka. "Sasa hili nitaliweka wapi, Maitu? Juu ya kapeti?" Maitu naye akacheka, akarudi nalo Tetu, na hakulitaja tena.

Sasa kaa hilo ndilo lililokuwa limeshikilia uhai wa Maitu. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mfupa usipopasuliwa na kuungwa, mzee hatainuka tena, na mtu wa umri ule akilala chali siku nyingi mapafu hujaa maji. Maitu aliwasikiliza wote, daktari na mchungaji. Jumapili ndipo alipomshika Wakonyo mkono akamvuta karibu na mto.

"Nyumba yangu iko na moto?"

"Iko nao, Maitu."

"Basi iko na kitu ya kurudia. Jumatano wakuje na visu zao. Lakini moto ikizima, msinisumbue. Mniache niende nione kijana yangu."

Kijana wake alikuwa Mutahi, na hakuwa na mwingine. Wakonyo na Mutahi hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa umebaki wanawake wawili, mmoja kitandani na mwingine ameinama mbele ya jivu baridi, na hawa wawili hawakuwa hata na damu moja.

*

Mutahi alikufa mwaka mmoja uliopita, mwezi huu huu, akiwa kati ya mistari ya majani chai, kikapu mgongoni. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ametoka kunywa chai, akamtania mama yake kuhusu sukari, akaenda shambani, akaanguka. Baada ya uchunguzi daktari alimwambia Wakonyo kwamba moyo ulisimama.

"Ulisimama kwa nini?"

"Wakati mwingine hatupati sababu, Madam. Mioyo mingine husimama tu."

Wakonyo alimwinukia yule daktari kwa maneno ambayo hadi leo huona haya kuyakumbuka. Maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya wasichana wenye sare akiwaambia kwamba hakuna linalotukia bila la kulitangulia. Jiwe haliondoki pasipo msukumo. Leo anaambiwa mume amekwenda kwa sababu ya kwenda! Alitaka apewe kitu, hata kiwe kibaya, hata liwe kosa lake mwenyewe. Angekibeba. Kilichomlemea ni mikono mitupu.

Ndiyo maana somo la muhula huu lilimchoma. Alikuwa akiwafundisha kidato cha nne kuhusu mwanzo wa ulimwengu, jinsi vitu vyote, nyota na bahari na Mlima Kenya wenyewe, vilivyokuwa vimebanana katika nafasi ndogo isiyosemeka, moto juu ya moto, kisha vikaanza kutanuka na kupoa. Ladan, binti wa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, aliinua mkono.

"Madam, nani alianzisha?"

"Kwenu mnasemaje?"

"Jibu la kwetu nalijua, Madam. Nauliza la kwenu, la fizikia."

Darasa lilicheka, na Wakonyo akacheka nalo ili apate muda. Kisha akawaeleza yale wataalamu wanayoyabishania. Wapo wasemao wakati wenyewe ulizaliwa pale pale, hivyo neno "kabla" halina mahali pa kukanyaga; ukishafika kileleni, huulizi mteremko wa kupanda zaidi uko wapi. Wapo wasemao palikuwapo ulimwengu mwingine uliokufa, na huu ukachipuka katika mabaki yake. Na wapo wanaodai kwamba utupu hautulii, hutetemeka daima, na mtetemo mmoja, pasipo sababu yoyote, haukurudi ulikotoka.

"Pasipo sababu?" Ladan aliuliza. "Na mitihani yetu tukiandika hivyo utatupa alama?"

Wakonyo akafuta ubao. Mwisho wa wiki alimsimulia Maitu habari hiyo jikoni, wakimenya viazi.

"Kwa hivyo kila kitu ilianza na joto," Maitu alisema.

"Ndiyo."

"Joto mingi?"

"Kuliko jua, Maitu. Kuliko majua yote."

Maitu akakisukuma kijinga ndani ya mafiga. "Nani aliukoka?"

"Hatujui."

"Mimi najua, niliambiwa kanisani. Lakini ningependa kujua yeye alipewa kaa na nani."

*

Siku za kwanza Wakonyo aliulinda moto kama alivyoagizwa. Aliomba ruhusa shuleni, akahamia Tetu, akakama ng'ombe, na kila jioni akalizika gogo vizuri. Lakini Jumatatu ilikuwa siku yenyewe, mwaka mmoja kamili tangu kikapu kianguke. Jioni alichota jivu kwa koleo kama kawaida. Lile jivu la kwanza lilipoanguka juu ya gogo lilitoa sauti, sauti ndogo tu, ya kitu chepesi kikigonga mti. Akaijua. Ndiyo aliyoisikia alipotupa konzi lake la udongo kaburini.

Hakuweza kuendelea. Aliketi kwenye kigoda, moto ukiwa wazi, ukiwaka kwa uzuri wake wote, naye akautazama kama unavyomtazama mtu anayejiandaa kusafiri. Alijua kwamba usipofunikwa utajila wenyewe. Usingizi ulimkuta hapo hapo amejifunika shuka la Mutahi, na baridi ya alfajiri ndiyo iliyomwamsha.

Kulipokucha akakimbilia kwa jirani, Mama Ngatia, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na mdomo usiopumzika. Miaka ya nyuma Mama Ngatia alichukua moto kwa Maitu. Kama ungekuwamo bado jikoni kwake, ungerudi nyumbani kama mtoto aliyekwenda kulelewa kwa shangazi.

"Jiko yangu ya kuni? Huko kuku ndio wanalala," Mama Ngatia alisema. "Siku hizi mimi ni gesi. Jaribu kwa mama ya Kingori, hapo huwa naona moshi."

Kwa mama ya Kingori moto ulikuwapo, mkubwa, unachemsha maji ya kuoga. Wakonyo alijawa na matumaini hata akasahau kusalimu. Lakini yule mama alimwambia bila kugeuka, "Huu? Huu ni wa leo asubuhi. Niliwasha na karatasi ya nailoni."

Mama Ngatia alimngoja njiani, kanga kichwani kwa ajili ya manyunyu. "Sikia nikwambie. Washa na kiberiti, umalize. Moto ni moto. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haki wewe uko na kazi, kujua kujua. Unataka yule mzee akufe kwa sababu ya kujua kwako?"

Hilo ndilo swali Wakonyo alilokuwa akijiuliza tangu alfajiri. Alirudi jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga. Kiberiti kilikuwa kimeingia unyevu. Njiti zilichunika vichwa moja baada ya nyingine, na kila iliyokataa ilimpandisha kilio, hadi akawa analia kama hakuwahi kulia mwaka huo mzima, makamasi yakimtiririka, akimlaani yule daktari, akimlaani Mutahi, akiilaani mioyo inayosimama tu. Njiti iliyoshika ilishika ghafla, asiitarajie. Akaiweka chini ya vijiti vya mkima, mti laini wa mpakani mwa shamba, akainama, akapuliza. Moto ukatambaa, ukasimama.

Hakufurahi. Alijiona kama mtu aliyetengeneza sarafu bandia. Lakini njaa haijui asili ya moto, na Maitu alikuwa hajala. Akapika uji wa wimbi, akautia katika thamosi, akateremka Nyeri.

*

Wodi ilinuka dawa na ndizi mbivu. Maitu alikuwa amekalishwa kwa mito mitatu, amekonda usoni, kilemba chake cha bluu kimefungwa kwa ukaidi uleule wa nyumbani. Alikunywa uji nusu kikombe kabla ya kusema.

"Moto?"

Angesema "upo", na wala lisingekuwa uongo. Moto ulikuwapo. Neno moja dogo, na kesho visu vingefanya kazi yake. Wakonyo alilitafuta neno hilo mdomoni mwake, akaliona lilipokaa, akashindwa kulitoa. Mtu huyu alikuwa ndiye wa mwisho duniani aliyempenda Mutahi kama yeye; angemdanganya, angebaki na nani wa kusema naye ukweli?

"Ulizimika, Maitu."

Maitu alikishusha kikombe. Akageuza uso dirishani, upande ambao mlima hukaa siku mawingu yanapouachia. Leo hayakuuachia.

"Ilizima aje?"

"Sikuufunika. Nilianza nikashindwa. Jivu lilivyoanguka..." Akafunga kifuniko cha thamosi. "Ilikuwa jana, Maitu. Unajua jana ilikuwa siku gani."

"Najua." Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa, akamaliza, akajigeuza. "Na hii uji umepika na nini?"

"Nimewasha mwingine. Na kiberiti."

Wakonyo alisubiri akaripiwe. Alisubiri hata zaidi yale maneno ya Jumapili, mniache niende. Lakini Maitu alikuwa akiuparuza ukingo wa blanketi kwa ukucha, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Wewe unafikiri ule wangu ulitoka wapi?"

"Kwa mama mkwe wako. Naye akapewa na wake, na wake..."

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Mama ya mume wangu alikuwa na moto kama hiyo unasema. Ya kutoka mbali, hata yeye hakujua mwanzo yake. Halafu ikakuja Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni. Tuliambiwa watu wa huu upande wote watoke, waingie kijiji, wazungukwe na mtaro. Mimi nilikuwa msichana mdogo, kwetu pia walitutoa. Askari walipitia nyumba moja moja, wakachoma. Ile moto yake ya zamani ilikufa hapo, paa ilianguka juu yake na mvua ikanyesha. Asubuhi alirudi kwa wizi kutafuta mbuzi. Mbuzi hakupata. Alipata boriti ya nyumba yake bado inawaka ndani, hapa katikati. Huko kijijini watoto walikuwa wanatetemeka, hakuna mtu yeyote alikuwa na kiberiti. Akachukua kaa hapo."

Wakonyo alisogea karibu na kitanda.

"Ndio hiyo," Maitu alisema. "Iliwashwa na askari, na petroli. Jina yake sijui. Aliniambia siku ananipatia, akasema sasa ni yako, pika. Na mimi nikapika. Nikapatia wengine wakapikia watoto. Wengine ndio hao wanaenda kanisa."

"Na ule wa kwanza? Ule wa kutoka mbali?"

"Ule uliisha. Usiniulize ule." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Si ni wewe uliniambia iko watu wanasema dunia ilitoka kwa ingine imekufa? Nilicheka tu, lakini sikulala hiyo usiku."

Hakuna faraja iliyomjia Wakonyo. Kwa siri alikuwa ametumaini kwamba nyuma kabisa ya yote, nyuma ya mama na mama wa mama, palikuwa na mkono mmoja safi ulioanzisha kwa kukusudia mema. Sasa aliuona mkono wenyewe, na ulikuwa umeshika mkebe wa petroli. Hata hivyo alikumbuka githeri, mahindi na maharagwe, aliyokula pale jikoni, viazi, mikono ya Mutahi akiiota baada ya kukama. Vyote hivyo vilipita katika moto ule, na hakuna hata kimoja kilichonuka petroli.

"Ulikuwa unafanya nini ukiwasha?" Maitu aliuliza.

"Nilikuwa nalia."

"Mm." Ukucha ukaacha kuparuza. "Yule askari sidhani alilia."

Muuguzi alipita na toroli lake, akamwita bibi kwa Kikuyu, kwa sauti ya juu wanayotumia na wazee, "Cucu, umeamua? Daktari anataka jibu yako ya kesho." Maitu alimwambia amwulize kesho, kwani leo bado ni leo. Kisha akamgeukia mkwewe, uso umekunjamana.

"Kabla utoke nyumbani, umeifunika?"

Wakonyo alimtazama; hakuwa ameufunika.

"Na unakaa hapa unaniangalia ya nini? Nenda!"

*

Alifika Tetu mwanga ukianza kufifia. Vijiti vilikuwa vimeteketea vyote. Alifukua kwa vidole, polepole safari hii, na chini ya figa la nyuma akakuta kaa moja, dogo kama punje ya kahawa, jekundu kwa ndani. Hakupiga magoti kuomba wala hakushangilia. Alilisogezea gogo la mutamaiyo, akalipuliza hadi gogo likashika, akangoja moto utulie, kisha akachota jivu.

Sauti ilikuwa ileile. Akaiacha ianguke. Alimimina koleo la kwanza, na la pili, na baada ya hapo hakukuwa tena na kitu cha kuonekana ila kilima kidogo cha kijivu kati ya mawe matatu. Alikipigapiga kwa mgongo wa koleo kama walivyofanya wanaume siku ya mazishi, akaenda kulala.

Jumatano asubuhi simu yake iliita akiwa zizini. Muuguzi alisema Cucu amekubali, tena amewagombeza kwa kuchelewa, na wanampeleka kupasuliwa sasa hivi. Wazee wa umri wake, akaongeza, huwa ni bahati nasibu. Madam akae karibu na simu. Wakonyo aliiweka simu kwenye rafu ya vikombe na kulifukua jivu. Gogo lilikuwa hai.

Jua halikutoka siku hiyo. Saa zilikuwa zimekwenda kiasi, na simu ingali kimya, aliposikia hodi. Alikuwa Lynn, msichana aliyeolewa na Kingori baada ya Pasaka, amevaa buti za mvua, mkononi sufuria kuukuu iliyotoboka.

"Pole sana kwa kusumbua, Madam. Cucu aliniahidi moto kabla aanguke. Mama ya Kingori anasema ni ujinga, lakini mimi naupenda hivyo." Alichungulia mafiga kwa heshima, kana kwamba ameingia kanisani. "Nasikia ni wa zamani sana. Ati ulianzia kwa nani?"

Wakonyo alisikia sauti ya Mama Ngatia masikioni mwake: nani atajua? Alilichagua kaa lililo zito, akalichota kwa koleo.

"Ulianza Jumanne," alisema.

Lynn akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Jumanne hii? Na kabla ya Jumanne?"

"Kabla ya Jumanne palikuwa na baridi." Moshi ulikuwa umemwingia machoni, akayapangusa kwa bega. "Aliyeukoka alikuwa akilia. Kama bado unautaka, leta."

Msichana aliitazama sufuria yake, akautazama mlango, ukungu umesimama pale nje kama mgeni asiyekaribishwa. Halafu akainyoosha mikono yote miwili. Wakonyo alitandika jivu ndani ya sufuria, akaliweka kaa juu yake, na hapo ndipo simu ilipoanza kutetemeka kwenye rafu, vikombe vikilialia.

"Madam, simu."

"Naisikia."

Alichota jivu kwa kiganja, akalimimina juu ya kaa kidogo kidogo, akimwonyesha, hadi wekundu wote ukafichika. Kisha akapangusa mikono kwenye leso na kwenda kuipokea.